James Forten, mshona matanga wa Philadelphia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

James Forten alizaliwa Philadelphia tarehe 2 Septemba 1766 na akafia mji huohuo tarehe 4 Machi 1842. Wengi wanaomfahamu humtaja kama tajiri mweusi au kama mpinga utumwa. Mimi namtaja kwanza kama fundi, kwa sababu bila sindano ya shazia na sakafu ile ya kukatia matanga, hayo mengine yote yasingekuwapo. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi kila ninapomzungumzia.

Mshona matanga alikuwa anafanya kazi gani hasa?

Aliyewahi kumtazama fundi wa matanga kule Lamu au Nungwi, kakaa chini na kitambaa kimemfunika miguu, ana mwanzo mzuri wa kuielewa kazi hii. Tofauti ni ukubwa. Jahazi lina tanga moja au mawili ya pembetatu. Meli ya milingoti mitatu iliyokuwa ikitoka Philadelphia kwenda Liverpool au China ilibeba matanga zaidi ya 20, mengi yakiwa ya mraba, mengine makubwa kuliko nyumba.

Kazi ilianzia melini. Fundi alipanda kupima milingoti na foromali, yaani miti ya kufungia matanga, akarudi kwenye karakana na kuchora umbo la tanga kwa chaki sakafuni. Ndiyo maana karakana ilikuwa ghorofa ya juu ya ghala la gatini: ilihitajika sakafu pana isiyo na nguzo katikati. Vipande vya kitambaa kizito cha kitani vilikatwa, vikashonwa kwa mshono wa mistari miwili, pindo likakunjwa, kisha kamba iliyopakwa lami ikashonewa kuzunguka ukingo wote ili upepo usilichane tanga. Uzi ulipitishwa kwenye nta. Kiganjani fundi alivaa kipande cha ngozi chenye kibati cha kusukumia sindano, kwani kidole kitupu hakiwezi kuipenyeza shazia katika kitambaa kile.

Ufundi wenyewe, ule unaomtenga bingwa na mshonaji, uko katika kukata. Tanga halikatwi liwe bapa kama shuka. Lazima liwe na tumbo kidogo la kushika upepo. Likizidi tumbo, meli haiendi joshi, yaani haiwezi kuukaribia upepo. Likipungua, meli ni nzito. Forten alikuwa bingwa wa jambo hilo.

Je, alizaliwa mtumwa?

Hapana. Alizaliwa huru, na hata baba yake Thomas alikuwa mtu huru. Kwa maelezo ya familia, babu wa baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Afrika akiwa mtumwa, na uhuru ulikuja katika kizazi kilichofuata. Thomas naye alikuwa mshona matanga, akifanya kazi kwa Mzungu aliyeitwa Robert Bridges. Kwa hiyo James alianza kuingia karakana ile akiwa mtoto mdogo, akiokota mabaki ya vitambaa na kupaka nyuzi nta.

Baba alifariki James akiwa na umri wa miaka 7. Mama yake, Margaret, alijitahidi akamwacha shuleni muda kidogo zaidi, katika shule ya watoto weusi iliyoendeshwa na Wakweka, wale wa dhehebu la Marafiki ambalo watu wa Kaimosi na magharibi ya Kenya kwa jumla wanalijua vyema. Mwanzilishi wa shule ile alikuwa Anthony Benezet. Akiwa na miaka 9, James aliacha shule akaanza kibarua dukani ili nyumba ipate chakula. Miaka hiyo michache ya darasani ndiyo elimu yote rasmi aliyoipata, na baadaye aliandika barua ambazo zinasomwa hadi leo.

Mbona Philadelphia haiko pwani?

Iko kwenye Mto Delaware, zaidi ya kilomita 150 kutoka bahari ya wazi, lakini meli za baharini zilipanda mto na kutia nanga mbele ya mji. Kwa maisha ya watu wake ulikuwa mji wa pwani kabisa: gati, mabaharia, lami, kamba, na wake wanaongoja habari za meli.

Ni kweli alipigana vita vya uhuru wa Marekani akiwa mtoto?

Kweli. Mwaka 1781, akiwa hajatimiza miaka 15, alimwomba mama yake ruhusa akajiunga na *Royal Louis*, merikebu ya watu binafsi yenye kibali cha kuteka meli za Waingereza, chini ya nahodha Stephen Decatur, baba wa Decatur yule aliyekuja kuwa shujaa wa jeshi la majini. Kazi yake ilikuwa kubeba baruti kutoka ghala la chini hadi kwenye mizinga.

Safari ya kwanza ilikuwa ya ushindi. Ya pili ilikwisha vibaya: manowari ya Uingereza iitwayo *Amphion* iliwateka. Hapo mvulana mweusi alikuwa na hofu kuliko wenzake, kwani mateka weusi waliweza kuuzwa utumwani visiwa vya Karibi. Kilichomwokoa ni gololi. Mtoto wa nahodha Mwingereza alikuwa melini, mwenye umri unaokaribiana na wake, na James akawa mchezaji hodari wa gololi kuliko wote. Wakawa marafiki. Nahodha akamwahidi kumpeleka Uingereza akasome na kulelewa pamoja na mwanawe.

Alikataa. Robert Purvis, aliyekuja kuwa mkwe wake, alisimulia katika hotuba ya kumwomboleza kwamba kijana alijibu kuwa yeye ni mfungwa kwa ajili ya uhuru wa nchi yake na kamwe hataisaliti. Hotuba za maombolezo huwa zinang'arisha maneno, lakini tendo lenyewe halina utata, kwa sababu tunajua alikopelekwa baada ya kukataa: gofu la meli liitwalo *Jersey*, lililotiwa nanga katika ghuba ya Wallabout, Brooklyn, likitumika kama jela.

Zaidi ya watu 1,000 walibanwa humo kwa wakati mmoja, na kila asubuhi maiti zilitolewa. Inakadiriwa kuwa wafungwa wapatao 11,000 walikufa katika meli-jela za New York vita vile, idadi kubwa kuliko waliouawa na risasi katika mapigano yote. Forten alikaa humo karibu miezi 7. Siku moja ilipatikana nafasi: ofisa aliyekuwa anabadilishwa na mateka wa upande wa pili angeweza kutoka na sanduku lake, na mtu angeweza kujificha ndani. Forten alikuwa amejiandalia nafasi ile. Akampa mvulana mweupe mdogo kuliko yeye, Daniel Brewton, aliyekuwa mgonjwa, na yeye mwenyewe akasaidia kulibeba sanduku hadi chini. Brewton alibaki rafiki yake maisha yote.

Alipoachiwa alirudi nyumbani kwa miguu kutoka New York, sehemu kubwa bila viatu. Mama yake alikuwa amekwisha kukata tamaa kwamba mwanawe yu hai.

Napenda kusimama hapa kidogo. Nchi ile aliyokataa kuisaliti ilikuwa inawamiliki watu wa rangi yake kwa mamia ya maelfu. Alijua. Maisha yake yote yaliyofuata ni kuidai nchi hiyo deni lile.

Aliipataje karakana?

Kwanza alikwenda London mwaka 1784 kama baharia, pamoja na shemeji yake William Dunbar, mume wa dada yake Abigail, akakaa huko kama mwaka mmoja. Aliporudi aliingia uanagenzi kwa Robert Bridges, yuleyule tajiri wa baba yake. Alipanda haraka: akiwa na miaka 20 tu alikuwa tayari msimamizi wa mafundi. Mwaka 1798 Bridges alistaafu na kumwachia biashara, kwa mkopo uliopatikana kupitia wafanyabiashara wakubwa wa bandari, akiwemo Thomas Willing.

Kilichofuata ni kazi ya miaka mingi. Aliajiri watu wapatao 30, weusi na weupe katika chumba kimoja, kwa mshahara na nidhamu ileile, na ulevi haukuruhusiwa. Kwa Marekani ya wakati ule, weupe kupokea amri kutoka kwa tajiri mweusi lilikuwa jambo la kushangaza, na wageni walikuja kutazama. Faida hakuilalia: alinunua nyumba na kuzipangisha, akakopesha fedha kwa riba, akanunua hisa. Katika miaka ya 1830 mali yake ilikadiriwa kufikia karibu dola 100,000.

Je, ni kweli utajiri wake ulitokana na kifaa cha matanga alichokibuni?

Utakuta hadithi hiyo kila mahali. Hakuna hataza ya kifaa kama hicho iliyopatikana kwa jina lake, na utajiri wake unaelezeka vizuri bila hadithi hiyo: tanga lililokatwa sawasawa, kazi iliyomalizika siku iliyoahidiwa, na fedha iliyowekezwa. Naona hadithi ya kifaa inampunguzia heshima kwa kumfanya mtu wa bahati ya siku moja, wakati alikuwa mtu wa miaka 40 ya kushona.

Alikubali kushona matanga ya meli za watumwa?

Watu wa wakati wake walishuhudia kwamba alikataa. Uamuzi huo ulikuwa na bei, maana meli nyingi bandarini zilikuwa na mkono katika biashara ile, kwa kubeba watu wenyewe au mazao ya jasho lao.

Mke wake alikuwa nani, na watoto wangapi?

Alioa mara mbili. Mke wa kwanza, Martha Beatte, aliyemwoa mwaka 1803, alifariki mwaka uliofuata. Desemba 1805 alimwoa Charlotte Vandine, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 20, na wakapata watoto tisa. Mmoja, Charlotte, alifariki akiwa mdogo.

Nyumba yao ya Third Street haikuwa ya baba, mama na watoto pekee. Mwaka wa harusi yake na Charlotte, shemeji yake Dunbar alifariki, na wapwa zake, watoto wa Abigail, wakawa mzigo wa mjomba wao. Aliwabeba, akawaingiza karakanani. Mmoja, James Forten Dunbar, aliishia kuwa baharia kwa muda mrefu. Wanagenzi nao walikaa nyumbani humo, na wapinga utumwa kutoka miji mingine walifikia hapo.

Majina ya wanawe yanasimulia biashara yake. Robert Bridges Forten alipewa jina la tajiri wa zamani. Thomas Willing Francis Forten alipewa jina la mfanyabiashara wa bandari. Msomaji wa Kiafrika atalielewa hili upesi, kwani kumpa mtoto jina la aliyekufadhili ni njia ya kumshukuru hadharani.

Lakini mabinti ndio walioifanya familia hii ijulikane. Margaretta alikuwa mwalimu maisha yake yote. Harriet aliolewa mwaka 1831 na Robert Purvis, kijana tajiri mzaliwa wa Charleston, na Sarah akaolewa mwaka 1838 na Joseph, ndugu wa Robert. Mwaka 1833 mama yao Charlotte pamoja na mabinti hao watatu walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Wanawake wa Philadelphia cha Kupinga Utumwa, ambacho kiliwakusanya wanawake weusi na weupe pamoja tangu siku ya kwanza. Sarah aliandika mashairi katika gazeti la kupinga utumwa la *The Liberator* kwa majina ya kificho, "Ada" na "Magawisca". Robert na Harriet waliwaficha watoro wa utumwa nyumbani kwao. Kwa hesabu ya Purvis mwenyewe, kati ya 1831 na 1861 walipitia mikononi mwake wastani wa mtu mmoja kwa siku.

Fedha za matanga zilikwenda wapi?

Nyingi zilikwenda kwenye harakati. Mpinga utumwa mweupe William Lloyd Garrison alipoanzisha *The Liberator* mjini Boston mwaka 1831, Forten alimtumia dola 54, malipo ya wasomaji 27, wakati gazeti lilikuwa halina hakika ya kuliona toleo lijalo. Aliendelea kulisaidia miaka iliyofuata, na wasomaji wake wengi wa mwanzo walikuwa watu weusi.

Kalamu nayo aliishika. Mwaka 1813 bunge la Pennsylvania lilijadili muswada wa kuwazuia watu weusi kuhamia jimboni na kuwalazimisha kujisajili. Forten alichapisha barua tano bila kutaja jina, akijitambulisha tu kama mtu wa rangi, akiuliza inawezekanaje nchi iliyotangaza kuwa watu wote wameumbwa sawa iwawekee watu weusi sheria kama ile. Muswada haukupita. Mwaka uliofuata Waingereza walipotishia mji, yeye na wachungaji weusi Richard Allen na Absalom Jones waliwakusanya watu weusi wapatao 2,500 kujenga maboma ya kuulinda mji uleule uliotaka kuwasajili.

Kwa nini hakurudi Afrika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na vijana wetu, na jibu lake halijanyooka.

Rafiki yake Paul Cuffe, mwenye meli mweusi wa Massachusetts, aliwapeleka watu 38 Sierra Leone mwaka 1815 na 1816 kwa gharama yake, na Forten aliupenda mpango ule. Mwishoni mwa 1816 wakubwa weupe, baadhi yao wenye watumwa, walianzisha chama cha kuwapeleka watu weusi huru Afrika. Januari 1817 watu weusi wapatao 3,000 walijaa kanisa la Bethel mjini Philadelphia kuujadili mpango huo. Forten alikuwa mwenyekiti. Ilipoulizwa nani anataka kwenda, hakuna aliyeitikia. Ilipoulizwa nani anakataa, jengo likatetemeka kwa sauti moja ya "hapana".

Siku chache baadaye alimwandikia Cuffe kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyekubali, huku akikiri kwamba yeye binafsi aliona watu wake hawatakuwa taifa mpaka watoke miongoni mwa weupe. Hivyo alikuwa na maoni yake, na watu wakawa na yao. Alichagua kusimama na watu. Miezi michache baadaye alikuwa mpinzani mkuu wa chama kile, na hakurudi nyuma tena. Hoja ya mkutano ilikuwa nzito: watu huru wakiondoka, nani atabaki kuwasemea mamilioni walio minyororoni? Kuondoka kwao kungempa nafuu mwenye watumwa.

Simwoni kama mtu aliyeikana Afrika. Alisikia watu 3,000 wakisema hapana, akakubali kwamba wao wanajua zaidi.

Alipiga kura?

Watu weusi wa Philadelphia walizuiwa na desturi na vitisho, hata pale sheria ilipokuwa kimya. Lakini wafanyakazi wake weupe walipiga. Mwanasiasa Samuel Breck aliandika katika shajara yake kwamba mwaka 1822 Forten alimwambia amewapeleka watu weupe 15 kumpigia kura. Mwaka 1838 katiba mpya ya Pennsylvania iliandika waziwazi kwamba mpiga kura ni mwanamume mweupe. Forten alikuwa na zaidi ya miaka 70. Mei mwaka huohuo Ukumbi wa Pennsylvania, uliojengwa kwa ajili ya mikutano ya wapinga utumwa, uliteketezwa na kundi la watu siku ya nne tangu kufunguliwa.

Majina yananichanganya. Charlotte ni yupi?

Wako watatu: Charlotte Vandine, mke, aliyeishi hadi 1884, binti aliyefariki mdogo, na mjukuu, binti wa Robert Bridges Forten. Robert nao ni watatu: Bridges tajiri mweupe, Robert Bridges Forten mwana, na Robert Purvis mkwe.

Karakana iliishia wapi?

Wanawe James na Robert waliirithi, lakini haikudumu: miaka michache baada ya mazishi ilifilisika. Wadeni wa baba hawakulipa, na mdororo wa uchumi ulioanza 1837 ulikuwa umeumiza bandari nzima. Robert alihamia Uingereza kwa miaka kadhaa, akarudi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaendelea. Mwaka 1864, akiwa na zaidi ya miaka 50, alijiandikisha katika kikosi cha askari weusi, akafa kwa homa ya matumbo wiki chache baadaye.

Kuna uhusiano wowote kati ya familia hii na pwani yetu?

Upo mmoja, na unapita katika mji wa Salem, Massachusetts. Mjukuu Charlotte alifiwa na mama akiwa na miaka 3, akalelewa na bibi na shangazi zake. Shule nzuri za Philadelphia zilikuwa za weupe tu, kwa hiyo baba yake alimpeleka Salem, ambako alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1856 na kufundisha. Salem ndiyo bandari ambayo meli zake zilianza kufika Unguja katika miaka ya 1820, kabla ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Walichukua pembe, sandarusi na ngozi. Walicholeta ni kitambaa cha pamba ambacho hadi leo tunakiita merikani.

Pamba ile ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini. Shangazi wa Charlotte, Harriet, na mumewe walikuwa wakikwepa kununua bidhaa za jasho la watumwa. Charlotte aliishi mjini humo katika miaka ambayo majora ya merikani yalikuwa bado yanapakiwa kuja kwetu.

Mwaka 1862 alikwenda kisiwa cha St. Helena, South Carolina, kuwafundisha kusoma watoto waliotoka utumwani karibu mwaka mmoja tu kabla. Maelezo yake ya maisha ya visiwa vile yalichapishwa katika jarida la *The Atlantic Monthly* mwaka 1864. Baadaye aliolewa na mchungaji Francis Grimké, akafariki mwaka 1914.

Kumbukumbu yake iko wapi leo?

Mazishi yake yalihudhuriwa na maelfu, weusi na weupe, wakiwemo manahodha na wafanyabiashara waliowahi kununua matanga yake. Kaburi lake sasa liko Eden Cemetery, nje kidogo ya Philadelphia. Mwaka 2023 Jumba la Makumbusho la Mapinduzi ya Marekani mjini humo liliandaa maonyesho kuhusu familia ya Forten. Na kule Brooklyn, katika bustani ya Fort Greene, upo mnara uliozinduliwa mwaka 1908 kwa ajili ya waliokufa ndani ya magofu ya meli, ikiwemo *Jersey*, ambamo kijana wa miaka 15 alimpa mwenzake nafasi yake ndani ya sanduku.